Nesi Aliyehifadhi Dawa Kwenye Friji Langu

Rafu ya juu ya friji langu ilikuwa ya Nesi, na ole wake mteja aliyeingiza mkono huko akitafuta soda ya baridi. Mimi nauza vinywaji, maji na vocha katika senta ya wachimbaji, nje kidogo ya Nyarugusu. Zahanati yetu iko ng'ambo ya barabara, mkabala na duka langu. Friji lao lilikuwa la gesi, na mtungi ukiisha lilikaa kama kabati mpaka mtu wa wilayani akumbuke kuleta mwingine. Ndiyo maana siku moja Nesi alivuka barabara, kakumbatia kiboksi kama mtu aliyebeba kifaranga, akasimama mbele ya kaunta yangu bila hata salamu.

“Mama Neema, umeme wako unakatika sana?”

“Kama wa kila mtu.”

“Ukikatika, unafungua-fungua friji?”

“Nafungua nauza. Hili ni duka, Nesi.”

“Basi kuanzia leo umeme ukikatika, duka limefungwa.”

Nilicheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na alipoomba kitu hukujua kama ameomba au ameamuru. Alikuwa wa kuja, kama sisi wengi hapa, na sikuwahi kumdadisi ukoo wake wala kijiji chake. Watu wote walimwita Nesi, hata watoto wadogo waliojua kusema mama na Nesi tu.

Nilitaka kujua ninachotunza, nikamwuliza. Akafungua kiboksi, akanionyesha vichupa vya kioo vidogo kuliko kidole cha mtoto. Akasema hiyo inaitwa oksitosini, dawa ya kufunga damu. Mama akishajifungua, mji wa mimba unatakiwa kujikunja uwe mgumu kama ngumi. Usipojikunja, damu inatoka tu, na mwanamke mzima aliyeingia kwa miguu yake anaisha huku mnamtazama. Sindano moja ya paja, mtoto akishatoka, inaukumbusha mji wa mimba kazi yake. Ila dawa hiyo haipendi joto. Ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu kidogo kidogo, na kwa macho huwezi kujua, kichupa ni kile kile na maji ni yale yale.

“Unamchoma mtu, unaamini umemtibu,” alisema, “kumbe umemchoma maji.”

Naandika habari zake kwa sababu kichupa cha mwisho alichokiagiza kutoka kwenye friji langu kilikwenda kwa mdogo wangu, Kabula. Mimi mwenyewe ndiye niliyekipeleka mpaka mlangoni. Kwa miaka mingi sikujua kama nilipeleka dawa ya kumwokoa au ya kumwua, na ukitaka kujua mtu anavyoishi na swali la namna hiyo, usiulize, omba tu lisikufike.

Lakini nianze na mdomo wake, maana mdomo ndio uliomtangulia kila alikokwenda. Nesi alikuwa na mdomo mchafu, simpambi. Mwanamke akipiga kelele za uchungu, angemwambia, “Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba hukupiga kelele.” Wanawake waliapa hawarudi tena kwake, na mimba iliyofuata wakarudi. Maana huyo huyo aliyekutukana ndiye aliyekuogesha kwa mikono yake maji ya moto yaliyopimwa kwa kiwiko, akakupa chai yenye sukari ya kwake, na ukimwambia huna kanga ya kumfunika mtoto, angevua ya kwake kiunoni na kubaki na gauni la kazi. Kesho yake mkikutana sokoni angekupita kama hakujui.

Kisukuma chake kilikuwa cha kuchechemea. Mwangaluka ni salamu ya asubuhi, lakini yeye aliitoa asubuhi, mchana na jua likizama, na bibi zetu walimwitikia huku wameziba midomo kwa upande wa kanga. Alijua wanamcheka. “Wacheke,” alisema, “mtu akikucheka hakuogopi.” Wanawake watu wazima wote aliwaita mayu, yaani mama, na hilo alilitamka sawasawa.

Kitu kingine ambacho kilitufurahisha ni kwamba yeye mwenyewe aliogopa sindano. Mwaka mmoja aliumwa malaria kali, mganga mkuu wa zahanati akataka kumdunga. Nesi alitoka kwa mlango wa nyuma na shuka begani, tukamkuta kwa mama ntilie anakunywa supu, anatetemeka, anadai amepona. Mtu aliyechoma mapaja ya nusu ya wanawake wa Nyarugusu! Tulimtania mpaka akanuna, na kwa wiki nzima alipofuata vichupa vyake hakusema nami zaidi ya “Fungua.”

Wachimbaji walimsumbua kuliko malaria. Huku kwetu mwanamume akiitwa duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, shimo lenyewe haliwezi kusubiri, na wengine walitaka wake zao wazae kabla ya zamu. Habari za sindano ya kusukuma zilikuwa zimeenea senta nzima. Ilisemekana wapo wauzaji wa dawa baridi wanaoidunga kwa siri chumba cha nyuma, nayo ni dawa ile ile ya Nesi. Siku moja kijana mmoja alimfuata pale pale dukani kwangu, vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, likiwa bado kichwani.

“Nesi, mke wangu ana uchungu tangu alfajiri. Mchome ya kusukuma basi, amalize.”

Nesi alikuwa anatafuna karanga. Hakuacha kutafuna.

“Ninyi mkikuta mwamba mgumu, mnapiga baruti watu wakiwa ndani?”

“Hapana, Nesi. Tunatoa watu kwanza.”

“Na mimi natoa mtu kwanza.”

Kijana alisimama, akawaza, akaondoka bila kubisha. Tangu hapo maneno hayo yakawa ya senta nzima. Alikuwa na mengine. Mji wa mimba, alisema, hauswagwi kwa fimbo kama maksai wa plau. Tena alisema dawa yake kabla ya mtoto ni kisu, baada ya mtoto ni kamba. Nilimwuliza mbona basi nasikia hospitali kubwa wanaitumia hata kabla. Akasema ndiyo, wanaitumia, na inasaidia, lakini kwa dripu, tone kwa tone, mtu kakaa pale anasikiliza moyo wa mtoto, na daktari wa kupasua yupo mlango wa pili. “Hapa chumba cha upasuaji kiko wapi, Mama Neema? Kwenye friji lako, chini ya soda?”

Aliwahi kufuatwa hata na mfugaji. Mzee huyo ndama wake alikufa, na ng'ombe akakataa kuteremsha maziwa. Alikuwa amesikia kwamba vichupa vya Nesi vikidungwa kwenye ng'ombe maziwa yanashuka. Nesi alimfukuza kwa kelele zilizofika mpaka kwa mafundi baiskeli, eti dawa ya wanawake iibwe kwa ajili ya ng'ombe. Kesho yake nikashangaa kumwona anapanda bodaboda kwenda kwa mzee huyo huyo. Alimkumbusha jambo ambalo wazee wa Kisukuma wanalijua tangu zamani, kumtandikia ng'ombe ngozi ya ndama wake ainuse akikamuliwa. Ng'ombe akanusa, akalamba, maziwa yakashuka. Nesi alirudi na kibuyu cha maziwa mgando, akaniambia hiyo dawa ya kwenye kichupa Mungu ameiweka hata mwilini. Ndiyo maana yeye mtoto akishatoka tu anamweka kwenye titi, maana mtoto akinyonya, mwili wenyewe unaitoa, na mji wa mimba unajikunja. Aliyasema hayo kwa furaha sana, kama mtu anayesifia shamba la jirani yake. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni mkali, akaniuliza kwa nini mlango wa friji haujafungwa vizuri.

Sasa nifike kwenye chumba chake, maana huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Kwetu mwanamke haendi kujifungua peke yake. Anakwenda na mama yake, au mama mkwe, na kikapu chenye kanga, wembe na chupa ya chai. Na mara nyingi kabla ya safari hiyo ameshanyweshwa kitu. Ipo mizizi na majani ya kuongeza uchungu, bibi anachemsha, anatia kwenye uji au chai ya rangi, mwanamke anakunywa. Watu wa nje wakisikia hivyo wanasema ni ujinga. Hawajui tunachokiogopa. Huku uchungu ukichelewa, maneno yanaanza. Wanasema mwanamke ametoka nje ya ndoa, mtoto amefungwa na dhambi, na mama mkwe anaanza kumwinamia mkwewe katikati ya maumivu yale amtaje mwanamume. Nimewaona wanawake waliotaja majina ya wanaume wasiowajua, ili waachwe wapumue. Kwa hiyo mama anayempikia binti yake mizizi hataki kumwua. Anataka amalize haraka, aibu isimkute.

Nesi alijua yote hayo. Alijua pia kwamba mizizi ile inafanya kazi ya sindano, ila haina kipimo, na mwanamke aliyeinywa tumbo lake linakaza bila kupumzika mpaka linapasuka ndani kwa ndani. Mwanzoni alikuwa anauliza mbele ya wakwe, “Umekunywa dawa yoyote?” na kila mwanamke akajibu hapana. Nani atasema ndiyo, aliyempa amesimama pale na kikapu? Ikatokea mmoja akaponea chupuchupu. Tangu siku hiyo Nesi akaweka sheria yake. Mwanamke akiingia, wote wengine wanatoka, wanakaa kwenye benchi la nje, mlango unafungwa kwa komeo. Ndipo anamwuliza, taratibu, kwa sauti ambayo huwezi kuamini ni ya kwake: “Umekunywa nini, na nani hapaswi kujua?” Na anaapa kwamba jibu halitatoka chumbani, na kama gari la wagonjwa la Geita linahitajika, litaitwa bila kutajwa sababu.

Nami nilipitia chumba hicho kwa mtoto wangu wa mwisho, najua. Nilimwambia jambo ambalo mume wangu hajalisikia mpaka leo, na halikutoka. Hakuna mwanamke wa huku ambaye siri yake ilitoka. Akina mama wakwe walimchukia kwa ajili ya komeo lile. Walisema anaficha nini, anawafanyia nini watoto wa watu mlango umefungwa? Wanawake vijana waliendelea kwenda kujifungulia kwake.

Kabula alikuwa wa mwisho kwetu, na mwenye kicheko kuliko sisi wote. Aliolewa upande wa Bukombe, katika familia ya Kikatoliki yenye msimamo, na mimba ya kwanza alirudi kwa mama kujifungua, kama desturi. Uchungu ulianza, ukakatika, ukaanza tena. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kusubiri mjukuu, na tayari alikuwa anauliza maswali kwa sauti ya upole, “Mwanangu, una jambo la kutuambia?” Mama yetu alimsikia. Akatoka nyumbani asubuhi ile bila kuaga, akarudi mchana miguu ikiwa na vumbi mpaka magotini. Sikumwuliza alikotoka, nilidhani alikwenda kusali.

Tukampeleka Kabula zahanati. Mlango ukafungwa, tukakaa kwenye benchi, mama, mama mkwe, mume wake na shangazi zake. Nikavuka kurudi dukani, maana utaratibu wangu na Nesi ulikuwa huo: hachukui dawa mapema ikakae kwenye joto la bati, ananiita mtoto akikaribia. Nilimsikia Kabula kutoka ng'ambo ya barabara. Kilio chake hakikuwa na mapumziko. Nimezaa, najua uchungu unakuja na kwenda, lakini ule haukwenda. Kisha akanyamaza ghafla.

Nesi akapiga kelele dirishani, “Mama Neema! Dawa! Na simu ya gari!”

Nilikimbia na kichupa. Mlango ulifunguka kidogo, mkono wa Nesi ukatoka, una damu mpaka kwenye kiwiko, ukakichukua. Watu wote wa benchi waliona. Na hakuna aliyekuwa amesikia mtoto akilia.

Gari la wagonjwa lilikuwa mbali. Tulipata pikapu ya wachimbaji, tukatandika magodoro. Nesi alipanda naye nyuma, amemshika, anamkandamiza tumbo kwa ngumi. Kabula alikata roho kabla hatujaikuta lami. Mtoto, wa kike, tulimkuta zahanati amefungwa vizuri kwa kanga ya Nesi. Hakuwahi kupumua.

Unaona basi hesabu waliyoipiga watu. Mtoto hakulia, maana yake alikuwa bado tumboni. Sindano iliingia, maana yake alidungwa kabla. Nesi aliyekataza wengine sindano ya kusukuma ameidunga mwenyewe, mlango umefungwa. Yeye alisema mara moja tu, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na watu wote, “Mtoto alikuwa ameshatoka. Alitoka kimya.” Mume wa Kabula akamwuliza, “Basi ni nini kilichomwua mke wangu, kama si sindano yako?” Nesi akatazama chini. Akaulizwa tena. Hakujibu. Mtu mwenye mdomo ule! Ningetoa duka langu zima ili siku ile atukane.

Msibani alikuja na kanga nyeusi kichwani, akakaa mwishoni mwa mkeka. Mama alisimama katikati ya waombolezaji, akamwonyesha kidole. “Muuaji atoke kwangu. Amenifungia mlango, mwanangu amekufa bila mkono wangu.” Nesi aliinuka, akavaa ndala zake, akatoka. Tulipobeba jeneza tulimkuta amesimama kando ya barabara, peke yake, juani. Hakutufuata.

Wakubwa wake walikuja, wakamhoji huko ndani, na sikusikia kwamba walimkuta na kosa. Lakini watu walishaapa kwamba hawamtaki, na usiku wa matanga mawe yalipigwa juu ya bati lake, kwa hiyo wakamhamisha. Siku ya kuondoka alivuka barabara, akafungua friji mwenyewe, akahamisha vichupa vyake kwenye kiboksi chenye barafu ili akikabidhi. Alitaka kusema kitu. Nami nilitaka kumwuliza lile swali langu moja, mtoto alikuwa ametoka au hakuwa ametoka, uniapie. Akasema tu, “Umenitunzia vizuri, Mama Neema.” Nililia juu ya kreti za soda mpaka wateja wakaondoka.

Miaka imepita. Zahanati sasa ina friji la umeme wa jua, na nesi mpya, binti wa Kisukuma mwenye maneno laini. Neema wangu ameolewa, ana mimba, na siku moja mama yangu alimsindikiza kliniki. Nesi huyo mpya aliwafundisha akina mama kwa Kisukuma kisicho na kuchechemea. Aliwaeleza mizizi inavyokaza tumbo, kilio kisichokuwa na mapumziko, kisha ukimya wa ghafla, mtoto anayetoka amekufa, na damu ambayo sindano haiwezi kuizuia, maana sindano inakaza mji mzima, haishoni uliopasuka. Mama alirudi nyumbani hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu aliniita, akawatoa wajukuu nje.

“Ni mimi,” alisema. “Nilimpa mimi. Kwenye uji.”

Nilijua kwamba Nesi amestaafu na anakaa Tinde. Tulipanda basi mpaka Kahama, tukapanda jingine. Mama hakununua hata maji njia nzima. Nami nitasema ukweli wa moyo wangu, nilikuwa sijui nimkumbatie au nimshushe njiani. Tulimkuta Nesi kwenye kibaraza cha nyumba ya matofali ya kuchoma, anapepeta choroko. Alikuwa amekonda. Mabega yale yalikuwa yamebaki mifupa, na magoti hayamruhusu kuinuka. Alitutambua mara moja, na mikono yake ikasimama juu ya ungo.

Mama alimwendea, akapiga magoti mbele yake. Kwetu mdogo ndiye humpigia mkubwa magoti. Mama anamzidi Nesi kwa miaka mingi.

“Mayu, inuka. Unanitafutia laana.”

“Shikamoo,” mama akasema.

“Mayu, tafadhali.”

“Nilimpa mwanangu mizizi. Nilikuita muuaji mbele ya watu, na muuaji alikuwa mimi. Ulijua?”

Nesi alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyefanya vibaya, kumleta. Akarudi kupepeta, choroko zikamwagika. “Mimi sijui kitu,” alisema. “Mambo ya zamani hayo. Mama Neema, mwinue mama yako, mniache nipumzike.”

“Ulimwuliza,” mama akasema. “Kila mtu ulikuwa unamwuliza. Alikuambia nini juu yangu?”

“Nilimwapia, mayu.”

“Amekufa, Nesi.”

“Ndiyo maana.”

Malori yalipita barabarani. Mama alibaki amepiga magoti juu ya saruji ile, nami sikuthubutu kumgusa. Mwishowe Nesi aliweka ungo chini. Alipoongea, ilikuwa kwa ile sauti ya chumbani ambayo nilikuwa nimeisikia mara moja tu maishani mwangu.

“Aliniambia mara tu nilipofunga mlango. Sikulazimika kumbembeleza. Nikaita gari pale pale, likasema liko njiani, halikuwa njiani. Nikamwambia, nikuitie mama yako aingie? Akakataa. Akasema, ‘Akiingia ataniona, atajua ni ile dawa. Usimwambie, Nesi. Asijue kamwe. Aliifuata mbali, kwa miguu.’”

Mama alitoa sauti ambayo sijui niiiteje.

“Mtoto alitoka kimya,” Nesi akaendelea, sasa akinitazama mimi. “Ndipo nikakuita. Kichupa chako kilikuwa cha baridi, kilikuwa kizima. Hakikuwa na kosa lolote, Mama Neema.”

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo miaka yote hiyo, na lilipofika halikunipa chochote. Nilimwona Kabula amelala pale, tumbo limepasuka, anawaza vumbi kwenye miguu ya mama.

Nesi alianza kulia. Alilia kama mtu asiyejua namna, mdomo wazi, bila kujifuta. “Alinipa kazi moja tu,” alisema. “Moja tu, nimeifanya mpaka huku uzeeni. Na leo umekuja nayo mwenyewe.”

Mama aliweka kichwa chake kwenye mapaja ya Nesi, juu ya makapi ya choroko. Nesi akaweka mkono juu ya kitambaa cha kichwani cha mama. Kisha mama akaanza kuongea, chini chini, kwa Kisukuma, nami nilidhani anamwomba Nesi msamaha, nikasogea nimsikie. Hakuwa anaongea na Nesi.

“Kabula,” alikuwa anasema. “Kabula mwanangu, nimejua. Nisamehe, mama. Nimeshajua.”